Sungura wa Sebuleni kwa Kageha

Mimi Zeituni sina subira na mtu anayemcheka mwenzake kwa kupenda. Hapa Khayega walimcheka Kageha, jirani yangu, mpaka wakachoka, na mimi niliwajibu mpaka nikachoka. Eti mwanamke mzima anafuga sungura sebuleni. Nikawaambia nyumba ni yake, kochi ni lake, nyinyi kinawawasha nini?

Sungura wenyewe walitoka kwa Jairus, wa ng'ambo ya barabara. Alifuga wengi kwa sababu mnunuzi fulani alimwahidi kuwachukua wote. Mnunuzi akaacha kushika simu. Jairus kwa hasira akafungua vizimba, akasema wajitafutie, na mbwa wa soko wakapata karamu. Kageha alikuwa anatoka shambani. Aliwahi wawili tu, akawafunga kwa leso, mmoja sikio limeraruka. Hakuwa na kizimba, akawalaza sebuleni mpaka kuche. Kulikucha, na hawakutoka tena.

Ama kujifunza, walijifunza. Haja zao walimalizia kwenye karai la maranda pale pembeni, adabu ambayo watoto wa watu fulani hawana. Mumewe, Cleophas, ndiye aliyewapa majina. Yule wa sikio bovu alimwita Karani, kwa vile kila karatasi lazima aipitie kwa meno. Jike alimwita Cheamani, maana ndiye aliyetoa amri.

Kisha Cleophas akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukafa, ulimi ukafungwa. Kageha alimwosha, akamlisha, akamsemesha, wapi. Asubuhi moja nilikuwa nimewapelekea maziwa, Karani akaruka kochini, akajilaza juu ya ule mkono usiosikia kitu. Mzee akatoa sauti: "Ka-ra-ni." Kageha aliketi sakafuni akalia. Tangu siku ile Cleophas alizungumza na sungura, na kupitia kwao akazungumza na mkewe. "Mwambie Cheamani, chai haina sukari." Kageha anacheka, anaongeza sukari.

Hawakujaliwa mtoto. Cleophas alipofariki mwaka huu, wakati wa mvua ndefu, Kageha alinishika mkono.

"Mama Sumayya, watu wote wataenda makwao. Hao wawili ndio watanifanya niweze kuingia kwa hiyo nyumba. Sauti yake wanaijua."

Akawafungia chumba cha kulala, akatoka kuketi kando ya jeneza. Kwao mjane hashughuliki na jikoni wala wageni mpaka mzee alazwe kaburini. Nyumba hushikwa na mawifi.

Wifi mkubwa, Naliaka, alitoka Matete. Ulimi unaniwasha lakini sitamsema vibaya. Miguu yake mibovu ilikuwa imemzuia kufika pale miaka mingi, na habari za sungura wa sebuleni hakuwa nazo. Siku ya mazishi, kaka yangu Anwar akaja kutoka Mumias na wazee wawili, kutoa pole kwa msiba wa rafiki yao Cleophas. Walifika ng'ombe ameshaangushwa, na aliyechinja si Mwislamu. Ingokho, kuku wa heshima ya mgeni, zote zilikuwa zimeliwa na wageni wa jana. Naliaka akaona aibu. Wageni wa marehemu watoke mbali hivyo, warudi na njaa?

Mimi nilikuwa kando ya jeneza, nimemshika Kageha. Naliaka akafungua chumba cha kulala kutafuta sahani, akakuta sungura wawili wanono, akamshukuru Mungu. Kwake sungura ni kitoweo kinachongoja siku yake. Wala hakuwagusa kwa kisu. Kwa heshima zote aliwapeleka kwa Anwar, achinje kwa dini yake. Na Anwar, kwa heshima zote, akapiga bismillahi.

Baada ya kuzika nikaenda kwenye hema. Anwar akanivutia sahani.

"Kula, dada. Hawa watu wana utu. Wametutafutia sungura."

Mkono wangu ulirudi wenyewe. Nilitaka kuipiga teke ile sufuria. Naliaka alikuwa amesimama pale anajifuta mikono kwa kanga, uso umetulia, aibu imemwepuka.

Kageha naye alikuwa anakuja. Alikuwa ameokota majani ya sukuma jikoni, anaelekea nyumbani kuwalisha watu wake. Akauona mlango wa chumba uko wazi. Akaziona ngozi mbili juu ya ua.

"Usijali, wifi," Naliaka akamwambia. "Wageni wetu wa Mumias wamepata kitu."

Kageha alizitazama zile ngozi, akayatazama majani mkononi. Anwar alikuwa ameniona uso, akaacha kutafuna. Nilingoja Kageha apige ukemi, na laiti angepiga.

"Kuleni mushibe, wazee," akasema. "Kwa Cleophas mgeni hatokangi na njaa."

Akampa Naliaka yale majani. "Na hizi pika pia."

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile sikuona kupona kokote, na hakukuwa na mtu wa kulaumu, jambo ambalo linaniuma mpaka leo kuliko kama angekuwepo.

Jioni watu walipoanza kuondoka, bado alikuwa nje, kwenye kiti kile kile alichokalia kando ya jeneza. Nikamwambia baridi imeanza, aingie ndani, nitamchemshia chai.

"Nikiingia, Mama Sumayya," akaniuliza, "nitaongea na nani?"

Nikavuta kiti kingine, tukakaa.