Mashine ya Kubeba

Kaka yangu mkubwa alikuwa mfugaji wa ng'ombe Kivu Kusini, hadi risasi ilipompata kiunoni tukikimbia vita. Tangu hapo miguu haikumsikiliza tena. Huku Nakivale, makazi ya wakimbizi Uganda, katika nyumba yetu ya mtaa wa Juru, maisha yake yakawa gemu: mashine ya kuchezea nyumbani, televisheni, na betri ya sola. Majirani, Wakongo kwa Warundi, walikuja baada ya ibada, wakaketi naye mkekani wakicheza mpira wa gemu. Aliwafunga karibu wote. Ni hapo tu nilipomsikia akicheka.

Kisha radi ikapiga. Televisheni na betri ya sola zikatoa moshi, mashine ikazimika.

Niliipeleka mashine mjini Mbarara. Fundi, mama wa makamo, aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Hii nakufa kabisa, nyabo," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. "Na hii ya kukaa nyumbani, mbele hakuna. Watu nataka ya kubeba."

Akanionyesha moja iliyokwisha tumika, yenye kioo chake na betri yake. Alinieleza kwamba ukitaka unaiunga kwenye televisheni, usipotaka unacheza umelala. Nikawaza mgongo wa kaka unavyomuuma, nikaona Mungu ametujibu. Niliuza mbuzi wetu, nikarudi kuichukua.

Majirani walirejea. Lakini televisheni ilikuwa imeungua, na kile kioo hakikuzidi kiganja cha mtu mzima. Waliokaa nyuma waliona kisogo cha kaka tu. Wakavumilia kwa heshima, halafu mmoja mmoja wakaacha kuja. Kaka naye akauacha mpira. Mle ndani ya mashine mlikuwa na mchezo mwingine, wa mtu anayetembea peke yake kwenye milima ya majani. Akahamia chumba cha ndani, akageukia ukuta.

Nilijaribu. Nilipika maharage mengi, nikaalika majirani; alikula, akarudi kitandani. Nilimwomba mchungaji wa kanisa azungumze naye. Walisali pamoja, na mchungaji alipotoka tu, kioo kikawaka. Mwishowe nikamwambia nitairudisha Mbarara.

Hakukasirika. "Mudogo yangu," alisema, "pa mukeka niko kilema. Umu ndani niko natembea."

Niliketi ukingoni mwa kitanda, nikakitazama kile kijitu kikipanda mlima. Nyasi zilikuwa zikiinama kwa upepo kama zilivyoinama kwetu. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Juu," alisema. "Fasi ya malisho, pahali ya ng'ombe."

Taa ya betri ikawa nyekundu. Akaninyooshea mashine bila kunitazama. Niliipeleka kwa jirani ambaye sola yake ilikuwa bado nzima, nikaichomeka, nikasimama pale nikingoja ijae.