Sauti ya Shamba la Mtama

Tarehe 3 Februari 2017, Mwongeli Kaveke wa Mukuyuni, kaunti ya Makueni, alipewa leseni ya kuongoza wageni katika visiwa vya ndege. Leseni hiyo ilifutwa Septemba mwaka huu.

Kwa miaka minane alisimama kwenye sitaha ya meli ya watalii inayotoka Mombasa, darubini shingoni, akiwataja ndege kabla wageni hawajawaona. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka ishirini na sita, ndipo akaweza kuwashusha wageni majini watazame matumbawe. Ndege hakufundishwa na mtu. Tangu darasa la kwanza hadi la nane, kila mtama ulipokomaa, alikaa juu ya ulingo wa miti katika shamba la mama yake, akiwinga kwelea. Akiona kundi lao likija, alipiga makofi mara mbili na kutoa ukelele mmoja mkali. Kundi liligeuka.

Agosti 9 meli ilitia nanga kwenye kisiwa cha mchanga kisicho na watu. Shakwe elfu kadhaa walikuwa wameatamia, kila mmoja yai moja, juu ya mchanga mtupu. Mchana ndege hawa hulalia yai ili kulikinga na jua. Sheria ya hapo ni fupi: hupazi sauti. Mgeni akipotea njia, unamfuata na kumshika mkono.

Saa tano na nusu mgeni mmoja, jicho kwenye kamera, alianza kurudi kinyumenyume kuelekea mayai. Alikuwa hatua arobaini kutoka kwa Mwongeli.

"Sikufikiri," anasema. "Mikono ilienda yenyewe."

Makofi mawili, ukelele mmoja. Mgeni alisimama. Hakukanyaga hata yai moja. Shakwe wote waliruka.

Walizunguka angani dakika thelathini na tano. Kaa walitoka mashimoni. Mayai ambayo kaa hawakuyafikia yaliharibiwa na jua.

Ismahan Gabow, mkuu wa msafara, ndiye aliyemfundisha Mwongeli kazi. Hakugomba.

"Dada, njoo tuhesabu," alisema.

Walihesabu mayai 212 yaliyoharibika.

"Itabidi niandike. Unajua itabidi."

"Andika," Mwongeli alijibu. "Lakini andika ni mimi. Usimtaje mgeni."

Habari zilifika Mukuyuni kabla yake. Siku ya soko Kavata, anayeuza mbegu, alimwita mbele ya wateja: "Wee Mwongeli! Sisi hufukuza ndege. Wewe ndege ndio wamekufukuza?" Watu walicheka. Naye alicheka, akanunua kilo mbili za maharagwe, akaenda nyuma ya duka akakaa chini mpaka soko likapungua.

Mama yake, Kalekye, ana miaka sabini na mmoja. Hajamlaumu. Nilipomuuliza kuhusu ukelele ule, aliendelea kupepeta kunde ambazo zilikuwa safi tayari.

"Alikuwa na sauti ndogo," alisema. "Kwelea walikuwa wakimdharau. Nilimchapa hadi ikakua."

Barua ya kufuta leseni inampa Mwongeli siku thelathini za kukata rufaa. Ismahan amejitolea kumtetea, na amempigia simu mara nne. Mwongeli ameisoma barua hiyo mara nyingi na anasema hakuna neno la uongo ndani yake.

Muda unaisha Jumanne. Hatakata rufaa.