Dada Neema Alinikuta Wodini

Usiku ule nililala wodini nikiwa nimeshaamua: kukicha, natoroka. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, na kwenye titi langu la kushoto kulikuwa na uvimbe uliokua upesi kuliko mtoto. Daktari alisema ni wa aina ya nadra.

"Huu si wa kusubiri ujifungue," aliniambia. "Tuutoe kesho. Dawa ya usingizi tutawapimia nyote wawili."

Fomu ya kukubali upasuaji sikuisaini. Niliogopa kuzinduka tumbo likiwa tupu.

Nikasinzia. Nikajikuta kwetu Singida, jikoni kwa mama, na dada yangu Neema anapepeta alizeti. Neema alifariki miaka sita nyuma. Naye alikuwa na uvimbe titini. Aliufunga kwa khanga, akaunyamazia hadi ulipopasuka wenyewe. Lakini kumwona sikushangaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba," akaitika, macho kwenye ungo.

Kisha ungo haupo. Tumekaa kwenye benchi la hospitali, na Neema anafungua vifungo vya gauni lake polepole. Kifua chake ni kizima, hakina hata kovu. Nalia. Anaushika mkono wangu, anauweka juu ya tumbo langu.

"Mimi niliona aibu, mdogo wangu. Wewe je?"

"Namwogopea mtoto, dada."

"Mumeo anajua uko hapa?"

Nilikuwa nimemuaga mume wangu kwamba naenda kumsalimia mama.

"Basi na wewe umeufunga kwa khanga," anasema. Anasimama. Nanyoosha mkono nimshike, nashika shuka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nesi alikuwa kitanda cha jirani, anapima presha.

"Sista, niletee ile fomu," nikamwambia. "Ila kwanza nimpigie mume wangu."

Alipopokea, nikasema, "Baba Upendo, sipo kwa mama. Niko hospitali. Wananipasua leo, nataka uwepo."

Hakuuliza kwa nini nilimficha. Alisema tu, "Nakuja."

Nilipozinduka, mdomo ulikuwa mkavu na kifua kimefungwa bendeji. Mume wangu alikuwa kando ya kitanda, amevaa shati kinyume. Nesi alikuwa ameweka kifaa juu ya tumbo langu, na wodi nzima ilisikia moyo wa mtoto ukidunda mbiombio.

"Msikilize," mume wangu akaninong'oneza. "Msikilize mwenzio huyo."