Filamu ya Yudita

Wiki iliyopita mkamwana wangu alimwaga siki jikoni. Kabla sijashika kitambaa cha kupangusia nilikuwa nimesharudi mlangoni mwa chumba cha nyuma cha fotografe mmoja wa Buyenzi, nimesimama kando ya Yudita, nasali kimoyomoyo ili nisijulikane. Dawa za kusafishia picha zilinuka vile vile, uchachu unaopanda puani na kukaa. Nitawasimulia. Kwa umri wangu aibu imeshapoa, ingawa haijaisha.

Tulikaa Kamenge. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na wazee ulimi ukiwateleza walikuwa bado wanauita mji kwa jina lake la zamani, Usumbura. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwenye kwaya ya watoto ya kanisa letu mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Nasema hivyo bila unyenyekevu kwa sababu wakati ule sikuwa nao. Rafiki yangu Yudita aliimba kama bawaba isiyotiwa mafuta, na kwa hilo nilimpenda sana.

Yudita na wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita. Baba yake, Muzee Anzelmi, alikuwa mwashi. Siku moja alianguka kutoka juu ya jengo, mgongo ukavunjika, na tangu hapo alilazwa kwenye kitanda cha kamba mbele ya nyumba, akimsalimia kila mpita njia kwa jina. Mama yake alifua nguo kwa mama mmoja mzungu kule Kiriri, mlimani.

Likizo kubwa ilipoanza, mzungu huyo akarudi kwao Ulaya. Siku ya kuondoka akampa mama Yudita apareyi ya foto, kisanduku cheusi chenye mkanda wa ngozi, na filamu moja ya picha kumi na mbili. "Ya mutoto," alisema.

Ndani ya wiki moja sauti yangu haikuwa kitu tena. Wasichana waliokuwa wakinibebea kitabu cha nyimbo walimfuata Yudita hadi kisimani. Mwalimu wetu wa kwaya, Zakaria, ambaye sijawahi kuona meno yake, aliomba apewe nafasi achane nywele kwanza. Mimi nilikaa pembeni, nimenyoosha shingo, nikingoja Yudita aniombe nisimame mbele yake. Hakuniomba. Nilijua amri zote kumi kwa moyo, na ile ya mwisho, ya kutotamani cha mwenzako, niliivunja toka asubuhi hadi jioni.

"Hasidi hana sababu," mama alisema siku moja, akichambua maharagwe.

"Mi sina wivu na mutu."

"Nilitaja jina la mutu?" akasema, wala hakuinua kichwa.

Mwezi wa nane Mwalimu Zakaria akatutangazia safari: siku tatu Rumonge, kuimba na kanisa la huko, kwa lori linalokwenda kuchukua mawese. Kwetu ilikuwa sherehe. Kwa Yudita kulikuwa na jambo jingine. Bibi yake, aliyemwita Tate kama watu wa Kongo wanavyowaita mabibi, alikuwa Rumonge. Siku ya kukimbia alivuka kwa mtumbwi mwingine, akafikia huko, na hakuwahi kuonana tena na mwanawe, Muzee Anzelmi. Yeye alikuwa mzee mno kupanda lori, na mwanawe hakuweza hata kuketi.

Asubuhi ya safari Muzee Anzelmi alimwita binti yake, sote tukisikia. "Yudita, uniletee mama yangu mu ile kasanduku."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, meno tu.

Tuliteremka kusini, ziwa likiwa mkono wa kuume, vumbi la kiangazi limetupaka wote rangi moja. Tuliimba mpaka koo zikakauka. Jumapili, kanisani Rumonge, niliimba peke yangu vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nilipofumbua macho watu walikuwa wamegeuza vichwa kuelekea mlangoni, kwa sababu Yudita alikuwa anaingia amemshika mkono bibi kizee mdogo kama mtoto wa darasa la pili, na wote wawili wanalia.

Baada ya ibada alimpiga picha nje, karibu na ukuta. Kusanyiko zima lilizunguka kutazama. Nilimtazama Tate kutoka kichwani hadi miguuni, nikitafuta kitu cha kucheka.

Alasiri wasichana walikwenda kuoga ziwani, nikasema nitalinda nguo. Apareyi ilikuwa imefungwa ndani ya kitenge cha Yudita. Ningependa kuwaambia kwamba sikujua. Nilijua. Yudita alikuwa ametuonya mara mia: "Apana fungua nyuma, jua ikiingia, foto zinakufa." Nilifungua nyuma. Nikavuta karatasi iliyozungushiwa filamu, nikaona utepe laini wa rangi ya maziwa, bila uso wa mtu yeyote. Nilishangaa. Nilidhani nitawakuta wote mle ndani. Nikaikunja upya, nikafunga, nikaketi juu ya mchanga, na Yudita akaniita kutoka majini: "Njo, maji ni mazuri!"

Tuliporudi tukampelekea filamu fotografe wa Buyenzi. Yeye, mzee mpole mwenye kofia ya kushonwa, alitoka chumba cha nyuma na filamu ikidondosha maji.

"Nani alifungua hii apareyi?"

Yudita alifikiri. "Labda ni mi. Mu lori tulitikisika sana."

Nikayatazama maji yakidondoka sakafuni.

"Zimeungua," fotografe akasema. "Tatu tu zimepona, za mwanzo, kwa sababu zilikuwa ndani kabisa." Akaziinua kwenye mwanga. Katika ya kwanza nilikuwa nateka maji, mdomo wazi, naimba. Katika ya pili nilikuwa nasuka nywele za mdogo wangu. Katika ya tatu nilikuwa mlangoni kwetu, nacheka na mtu asiyeonekana.

"Nilianza na we," Yudita alisema taratibu. "Ulikuwa hauoni. We ukiona, unakazaga uso." Kisha akakumbuka Tate, akafunika macho.

Kwa siku mbili nilipita njia ya nyuma, Muzee asinisalimie kwa jina. Siku ya tatu nilikwenda kwa Muzee Anzelmi. Yudita alikuwa pale anamenya mihogo. Nikasema yote nikiwa nimesimama: kitenge, jua, karatasi, na kwamba hakuna aliyenituma. Yudita aliweka kisu chini, akaingia ndani. Tukamsikia analia.

Nilingoja Muzee anifukuze.

"Ulimuona mama yangu?"

"Ndiyo, Muzee."

"Ulimuangalia muzuri?"

"Nilimuangalia."

"Basi kaa. Nieleze."

Nikakaa. Nikamweleza kwamba alivua kandambili kabla ya kupigwa picha, kama anayeingia nyumba ya mtu. Kwamba alilamba kiganja akalaza nyusi zake. Kwamba aliuliza kama itauma. Kwamba akicheka anafunika mdomo kwa mkono wa kushoto, na kidole kidogo cha mkono huo hakikunjiki.

"Kale kadole," Muzee akasema. "Mi ndiye nilikavunja, na mutwangio, nilikuwa mutoto." Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali. "Endelea."

Mvua za kwanza ziliponyesha, habari ikaletwa na dereva wa mawese kwamba Tate amefariki. Baada ya hapo Muzee aliniita karibu kila Jumapili, nami nikasimulia yale yale. Yudita alikuwa hanisemeshi. Akiniona anaingia ndani. Baadaye akawa anabaki uani, amenipa mgongo, anachambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa. Jumapili moja nikasema kilemba cha Tate kilikuwa chekundu.

"Apana," Yudita akasema, bila kugeuka. "Kilikuwa njano."

"Chekundu."

"Njano, we! Chekundu kilikuwa cha mama muchungaji."

Alikuwa sahihi. Tukaendelea kubishana, na Muzee akicheka kati yetu.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipoelewa alichonifanyia yule mzee. Angeweza kunisamehe kwa neno moja nikaenda zangu, nikasahau. Badala yake alinipa kazi. Nilimkazia macho mama yake kwa husuda, na husuda, nawaambia, haipitwi na kitu. Yeye alichukua jicho lile lile bovu na kulitumia kumwona mama yake. Picha yake sikuweza kuirudisha. Ila kila Jumapili nilikwenda, nikakaa, nikasimulia, mpaka siku aliyosema inatosha.