Samaki Aliyejizika Mchangani

Binti yetu alipohamishiwa Mwanza kikazi, alituletea Morogoro tangi lake la samaki. Lilifika nyuma ya pikapu pamoja na ndoo ya mchanga, mawe, madumu ya maji ya chumvi, na samaki mmoja ndani ya mfuko. Alikuwa samaki wa matumbawe, wa kijani mwenye mistari myekundu, hazidi kidole changu cha kati.

Nilikuwa nimestaafu ualimu miezi miwili kabla. Kila asubuhi nilivaa viatu mapema, halafu nikakosa pa kwenda.

Tulipommimina tangini alizunguka mara mbili, akazama mchangani, akatoweka.

"Ndivyo alivyo, baba," binti alisema. "Akiogopa anajizika, hata siku kadhaa. Usimfukue. Na kifuniko usikitoe, huyu anaruka."

Siku ya kwanza nilivumilia. Ya pili nilipiga simu Mwanza mara tatu. Ya tatu, mke wangu alinikuta nimepiga magoti mbele ya kioo, nina tochi.

"Mwalimu, mwache apumzike."

"Na kama amekufa?"

"Tutasikia harufu."

Aliporudi jikoni nilivua saa, nikatoa kifuniko, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Mchanga ukatifuka, maji yakawa tope tupu. Kitu kikaniteleza vidoleni. Mara nikasikia, pa! Samaki yuko sakafuni.

Nilipiga kelele. Mke wangu alikuja mbio, akalowesha ncha ya khanga tangini, akamwokota nayo na kumrudisha majini. Akafunga kifuniko, akavuta kiti, akakaa kati yangu na tangi.

"Na wanafunzi ulikuwa unawafukua hivi hivi?"

Nilimkumbuka msichana mmoja mkimya sana, niliyekuwa namsimamisha kila kipindi ili tu nimsikie akisema neno.

Kesho yake mke wangu alinichukua kwenda shambani kwao Matombo, ufunguo tukamwachia jirani. Nilipalilia vibaya, nikikata mahindi pamoja na magugu, simu ikiwa mfukoni. Ilipofika alasiri jirani akapiga.

"Mzee, yuko juu anaogelea. Pezi moja tu limechanika."

Nilitaka turudi saa ile ile. Mke wangu, bila kuinua kichwa, akasema gari la mwisho limeshaondoka. Sijui kama ilikuwa kweli. Nilisimama kidogo nikiitazama barabara, kisha nikaokota jembe.