Fundi Beda na Tarumbeta za Mchungaji

Mpelekee Fundi Beda pikipiki yenye pancha, utarudishiwa ina honi mbili na taa za rangi ambazo hukuziomba. Katandala nzima tumemzoea. Hajawahi kukiacha kitu kama alivyokikuta, na kwa bahati yetu, njema au mbaya, ndiye pia mwalimu wa kwaya yetu.

Mwaka jana alisikia redioni kwamba zamani huko Ulaya mtunzi mmoja aliichukua opera ya wachungaji wa mifugo ya mtunzi aliyemtangulia, akaiongezea vyombo vya kupuliza, watu wakaipenda. Basi, hakukalika tena! Nasi tuna igizo letu la kuimba, alilolitunga Mzee Leonardi wa Malangali enzi za ujana wake. Mchungaji wa ng'ombe anampenda binti wa ziwani, jitu lenye wivu linamponda mchungaji kwa jiwe, binti anamgeuza kijito. Ngoma moja na kayamba, basi.

Beda akaenda kuomba ruhusa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nasikia unataka kuufunga wimbo wangu honi."

"Tarumbeta tu, Mzee. Na filimbi kidogo."

"Haya, weka. Lakini nitakaa mbele. Nikisikia si wangu tena, nitasimama nitoke, na wewe usiuimbe tena."

Nilimwambia Beda aachane nalo, maana mzee huyo ndiye aliyemfundisha kuimba, na kukataliwa naye kungemvunja moyo kabisa. Hakusikia. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumapili ya onyesho ukumbi wa parokia ulijaa hadi madirishani. Filimbi zilipoingia pamoja na ng'ombe wa mchungaji, Mzee Leonardi alianza kupiga wayo chini kufuata mdundo, nasi waimbaji tukakonyezana. Kisha jiwe likaanguka. Hapo wimbo wa zamani hunyamaza kidogo, na Beda alikuwa amepajaza tarumbeta nne. Sote tulisahau jambo moja, kwa kuwa mazoezi tunafanya mbele ya mabenchi matupu: hapo ndipo akina mama watazamaji humwimbia mchungaji maombolezo, wakiwa wamekaa palepale. Tarumbeta zikalipuka, akina mama nao wakalipuka. Hakuna aliyekubali kushindwa, ikawa kelele tupu.

Mzee Leonardi akasimama.

Beda alimwona. Akainua mkono, akazikata tarumbeta zake zote, zile alizozihangaikia miezi na miezi. Akina mama wakaendelea peke yao, kwa utamu hadi nikalia, mimi niliyekuja kucheka. Ndipo Beda akamwita mpulizaji mmoja kwa kidole, apulize taratibu chini ya sauti zao. Mzee akakaa.

Tulipomaliza, Beda alimfuata. "Mzee, ulisimama ili utoke?"

"Nilikuwa natoka kabisa. Mwaka ule wa kwanza tulipoliigiza, mama zao waliniingilia hivyohivyo, nikawafokea. Wewe umewapisha. Nikaona nikae."

"Kwani pale si wewe uliyewatungia?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyekuwa jitu, mwalimu! Nilikuwa nimenguruma hadi nimechoka. Niliacha pale wazi nipate pumzi."

Tulicheka hadi tukashika mbavu, Beda kuliko wote.

Jumapili ijayo tunakwenda kuimba Laela. Juzi Beda alipanda pikipiki akatangulia huko. Tulidhani amekwenda kupima ukumbi. Kumbe amekwenda kuwauliza akina mama wa Laela wao huomboleza kwa sauti gani.