Nilivyomtetea Mossi kwa Kamusi

Kila asubuhi ghalani kwetu ughaibuni, mjini Grand Prairie, Lassina wa kabila la Wasamo la Burkina Faso alimwita Mzee Hamadou "mtumwa wangu". Mzee ni Mossi. Mimi, mdadisi wa kila kitu, nikafungua kamusi ya Kiingereza: Mossi, mtu wa kabila kubwa la Burkina Faso. Nikaona ni ubaguzi wa kikabila. Nikamshtaki Lassina, akawa karibu kufukuzwa kazi.

Mbele ya meneja nikaisoma ile kamusi kwa sauti. Mzee akamshika Lassina mkono, akanigeukia.

"Mwanangu, sisi watani. Nilipomzika mke wangu, ni huyu pekee aliyenichekesha. Kwani kwenu hakuna watani?"

Mimi Mnyamwezi, ambaye babu yangu alizikwa na Wazaramo kwa matusi na vicheko, nikakosa pa kutazama.